Siku Bembea Ilipolikataa Tumbo Langu

Chekeni tu, maana hata mume wangu bado ananicheka.

Sikukuu ya Idi iliyopita zililetwa bembea hapa Tabora, zile zinazorusha watu juu mpaka wanaita mama zao. Nikaingia na binti yangu. Mama mkwe, aliyetoka Goweko kuja kula Idi nasi, akabaki chini akitutazama.

Tulipokaa, fundi wa bembea alipita akimshushia kila mtu chuma cha kumzuia asianguke. Cha binti yangu kikajifunga. Changu kikagota tumboni.

"Mama, hebu vuta pumzi," fundi akaniambia.

Nikavuta. Akasukuma kwa mikono miwili, kisha kwa goti. Wapi! Foleni nzima ikawa inatutazama.

Kwa aibu nikamnong'oneza, "Kaka, niache nishuke. Nina mimba."

Nilidhani yatabaki baina yetu. Maskini fundi akashtuka, akanyakua kipaza sauti: "Jamani, mpisheni mama mjamzito ashuke taratibu!"

Watu wasionijua wakanishika mikono, wakaniteremsha kama wamebeba mayai. Vigelegele vikapasuka nyuma yao. Alikuwa mama mkwe, anakuja mbio, khanga inamdondoka.

"Mwanangu! Na miaka yako hamsini! Kweli Mungu mkubwa! Ya miezi mingapi?"

Alikuwa analia kwa furaha. Nikashindwa kuendelea kumdanganya.

"Nisamehe, mama. Hakuna mimba. Ni tumbo langu tu."

Nilisema polepole, lakini fundi alikuwa kando yangu, na kipaza sauti hakukizima.