Alitafuta Mota, Akaambiwa Atoe Watoto Nyumbani

"Watoe watoto ndani ya nyumba hiyo sasa hivi. Usiulize."

Ndio ujumbe uliomfikia Tamar mchana kweupe, akiwa uani kwake Golbanti anapepeta mchele. Namba hakuijua.

Wasee, mimi ningeitupa simu mtoni.

Tamar alikuwa ameomba kitu kidogo tu. Mota.

Baiskeli yake ya umeme ndiyo ilimbebea ndizi na maembe hadi soko la Garsen. Sasa mota ilianza kukatakata, mara inavuta, mara inazima. Waliomuuzia walishafunga ofisi, na simu yao haiingii tena.

Fundi Hirbo pale Garsen aliifungua, akaitazama, akaifunga. Akamwambia aina hiyo haitengenezwi tena, labda apate ya mtu aliyeacha kuendesha.

Basi asubuhi hiyo Tamar aliipiga picha baiskeli, imeegemezwa ukutani chumbani, inachaji. Akairusha kwenye grupu ya wenye baiskeli kama hizo. Akaandika jina na kijiji chake bila wasiwasi wowote.

Jibu likawa hilo.

Akaipigia ile namba. Haipatikani. Akapiga tena. Vilevile.

Jamani, mtu wa Tana akiambiwa atoe watoto nyumbani hafikirii mota. Anafikiria mapanga. Tamar alikuwa bado mwanafunzi vijiji vya huku vilipochomwa kwenye mapigano ya wakulima na wafugaji, na alikimbia na mamake wakiwa wamebeba sufuria moja.

Akamfunga mdogo mgongoni, akamshika mkubwa mkono, mbio hadi kwa shemeji yake Nicholas, ng'ambo ya shamba. Hata mlango hakufunga.

Nicholas aliusoma ujumbe, akaingia ndani akatoka na panga. Akaita majirani. Wakakaa njiani kumngoja huyo mtu.

Hawakukaa sana. Wakaona moshi.

Ilikuwa nyumba ya Tamar. Walipofika, makuti yalikuwa yameshika moto, na ndani kitu kilikuwa kinapasuka kama risasi. Watu wakalala chini. Hakuna aliyethubutu kusogea na maji.

Na njiani hakuwa amepita mtu. Hilo ndilo lililomtisha Tamar. Ni nani huyu anayechoma nyumba bila kuonekana, na sasa yuko wapi?

Alasiri boda ikasimama mbele yao. Nicholas akainua panga.

Akashuka mama mtu mzima mwenye buibui, amebeba kitu kizito kwenye leso. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la moto, kuanzia kiwiko hadi vidoleni.

"Tamar ni nani hapa?" aliuliza. "Watoto wake wako wapi?"

Tamar aliwaficha wanawe nyuma yake.

"Mwanangu, nionyeshe tu kama wako hai."

Tamar akasogea kidogo. Yule mama akawaona, akakaa chini palepale vumbini.

Akajitambulisha kuwa ni Mwanaarusi, wa Kipini. Naye alikuwa na baiskeli ya aina hiyo, akiuzia samaki. Picha ilipomfikia, mota hakuitazama. Aliiona betri. Imefura ubavuni, na bado iko kwenye chaji. Akaandika upesi, simu yake ikazima, akatafuta boda.

Nicholas akaliweka panga chini. Akataka kujua kwa nini hakueleza tu kwamba ni betri.

"Ningetaja betri, angesema ataichomoa akimaliza kazi," Mwanaarusi alisema. "Mimi nilisema hivyohivyo."

Tamar akamuuliza, taratibu, nini kilimpata.

"Mjukuu wangu alikuwa amelala karibu nayo. Mimi hakuna aliyeniandikia, mama."

Ndani ya leso ilikuwa mota yake, bado nzima. Aliiweka miguuni pa Tamar, akaomba maji ya kunywa.

Nyumba imejengwa upya, na baiskeli ilibaki fremu. Mota Tamar anayo, lakini betri mpaka leo anatafuta iliyo salama, na hataki haraka.

Ndugu yangu, kama una chombo ambacho waliokitengeneza wamekitupa mkono, usikimbilie kipuri kimoja ukasahau kingine. Kikague chote, betri kwanza. Ukichaji, chaji nje, mbali na wanaolala.

Na ukiandikiwa jambo usilolielewa kuhusu watoto wako, watoe kwanza. Utauliza mkiwa nje.