Falsafa ya Kulinda Nguo

Huku mtaani Pipeline, Nairobi, nguo hazianikwi zikaachwa. Ukipeleka blanketi juu ya paa, unakaa nalo hadi likauke, la sivyo utakutana nalo likiuzwa soko la Muthurwa. Hivyo ndivyo mimi na rafiki yangu, karani wa bohari aliyeishi mlango unaotazamana na wangu, tulivyoanza kusoma falsafa. Kila Jumamosi tuliketi juu ya mabeseni tuliyoyafudikiza, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akichunga kamba. Tulianza na Wayunani, tukavuka India, tukaingia Uchina. Nilikuwa naandika insha kuhusu safari hiyo, lakini bila yeye kunibishia sikuwa na insha. Nikisema jambo zito, ananikatiza: "Sasa hiyo itasaidia aje mtu wa Pipeline?" Hapo ndipo akili yangu ilipoamka.

Kisha ghorofa ya nne akahamia mwalimu wa madrasa. Siku ya kwanza alipanda na karai la shuka, akatusikiliza kwa adabu, halafu akauliza kama tumewahi kuwasoma wanafalsafa Waislamu waliobishana na Wayunani. Hatukuwa tumewasoma. Rafiki yangu akamsogezea beseni aketi. Beseni lenyewe lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo nilikosa raha. Mwalimu alikuwa na sauti ya upole na hakusahau kitu, naye rafiki yangu akaanza kumuuliza yeye yale maswali yaliyokuwa yangu. Jumamosi moja maji yalikatika nikiwa na povu hadi viwikoni, nikachelewa. Nilipofika juu, nikawakuta wanacheka.

"Wachina tumewamaliza," rafiki yangu akasema. "Kaa, mwalimu atakuelezea."

Mwalimu anielezee! Mimi niliyewaleta hao Wachina juu ya paa!

Niliwageukia wahenga wangu wanisaidie. Wayunani waliniambia niachane na lisilo mikononi mwangu. Wahindi waliniambia tamaa ndiyo mzizi wa maumivu. Kwetu wanasema mtu ni watu, nami nilikuwa nimechoshwa na watu, hasa mmoja. Maneno hayo nilikuwa nimeyapigia mstari yote nikiwa sina wa kumwonea wivu. Upepo ulipovuma, shuka za mwalimu ziligusa blauzi zangu. Nilizihamisha blauzi hadi kamba ya mwisho, karibu na tangi, mahali pasipofika jua.

Siku nyingine mwalimu alitueleza kuwa wanazuoni wao wa kale waliugawa wivu mara mbili.

"Kuna kutamani upate mfano wa alicho nacho mwenzako," alisema. "Hiyo haina neno. Na kuna kutamani kimtoke. Hiyo ndiyo husuda."

"Wah! Hiyo ni deep," rafiki yangu akasema, macho yakimng'aa. Mimi nilinyanyuka kwenda kugeuza soksi zilizokauka zamani. Wangu ulikuwa huo wa pili, tena nilitaka kimtoke kabla ya jua kutua.

Kikamtoka kweli, ila na mimi kikanitoka. Rafiki yangu alipata kazi Kitengela, akahama na kitanda chake, jiko lake na ubishi wake. Pale chini, vitu vikipakiwa, alitukumbatia mmoja mmoja, akaahidi kutupigia simu. Nilipima kumbatio la nani lilikuwa refu.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa wawili juu ya paa. Tulianika nguo zetu. Kitabu nilikuwa nimekibeba, lakini hakuna aliyekigusa. Huko Kitengela, niliwaza, tayari kuna mtu anaulizwa maswali yangu.

Mwalimu akasema, akiwa amenipa mgongo, "Dada, alinipigia jana. Anakusalimia."

Alikuwa akiongeza kibanio kwenye shuka iliyokwisha kubanwa pande zote. Nilijua ni uongo. Nami nilikuwa nimepanda ngazi na uongo huo huo, hata salamu zenyewe nilikuwa nimeshazitunga.

"Nami alinipigia," nikamwambia. "Leo asubuhi."