Kisima cha Mama

Baba alimpiga bwana maji kwa mchi kabla chupa haijajaa. Yule kijana, ambaye mimi ndiye niliyemwita, alikuwa ameingia uani kwa adabu, "Shikamoo mzee," akaitikiwa marahaba. Alipoanza kujaza chupa yake akisema amekuja kupima maji ya kisima, baba akauchomoa mchi kwenye kinu na kumtandika nao mkononi. Chupa ikapasukia ukingoni mwa kisima. Damu ya mtoto wa watu ikachuruzika kwenye saruji niliyoisugua asubuhi.

"Unapima sadaka ya marehemu?" baba alifoka. "Nenda kapime choo chako!"

Wahenga walisema hasira hasara, lakini kwetu hasira ni urithi na tumegawana sawasawa. Nilimrukia nikaung'ang'ania mchi. Akanisukuma, nikaangukia ndoo. Nikainuka na ndoo hiyohiyo nikamtupia. Mimi, mama wa watoto wangu, napigana na baba yangu mzazi huku majirani wa mtaa wetu wa Mtanda wakichungulia juu ya ua wa makuti! Sioni aibu hadi leo. Hospitalini kulikuwa na mtoto.

Alikuwa binti wa mdogo wangu, mchanga kabisa, amepewa jina la mama yetu. Baba alimwita "mke wangu" kama mababu wote wanavyowatania wajukuu, ila yeye akishalitamka alikuwa anageuka kukitazama kisima. Mdogo wangu aliota jipu la ziwa, maziwa yakakauka, mtoto akaanzishiwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Haukupita muda midomo yake ikawa rangi ya majivu, kisha kucha. Tulimkimbiza hospitali akihema kwa shida, na daktari akatuuliza tunatumia maji gani.

Kisima kile baba alikichimba mwenyewe mama alipofariki, akivunja mwamba kwa sururu mpaka viganja vikachubuka. Hakuwahi kuuza hata ndoo moja. Kila anayekunywa, alituambia, thawabu inamfikia mama yenu huko aliko. Basi mtaa mzima ukanywa. Na mtaa mzima, nyumba zilivyozidi kubanana, ukachimba vyoo.

Siku ileile ya ugomvi, baba alipokwenda msikitini, nilijaza chupa mwenyewe, nikampelekea yule kijana. Mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji. Aliipokea chupa kwa mkono wa pili; angenitukana ningemwelewa.

Majibu yalipotoka, maji yalikuwa na naitreti nyingi kupita kiasi. Alinieleza taratibu kwamba uchafu wa vyooni ukizama ardhini hugeuka kuwa kama chumvi isiyo na ladha wala harufu, na kwamba chumvi hiyo huizuia damu ya mtoto mchanga isibebe hewa.

"Lakini tulikuwa tunachemsha," nilimwambia. "Tena sana."

Akatikisa kichwa. Kuchemsha huua vijidudu, akasema, lakini hii haifi. Maji yakipungua ndiyo kwanza inazidi kukolea. Nilitamani kumpiga na mimi. Mdogo wangu alikuwa akiyachemsha mpaka yanabaki nusu sufuria, kwa mapenzi.

Alhamdulillahi, mtoto alitibiwa akarudi nyumbani na midomo yake myekundu. Siku hiyo nilimweleza baba yote, nikiwa nimesimama mbali na mchi. Mdogo wangu alikaa mkekani na mtoto mapajani. Nikamlainishia baba maneno. Nikamwambia bwana maji amesema tunaweza kuogea na kufulia, muhimu mtoto asipewe.

Baba aliingia ndani akatoka na nyundo ya kuvunjia mawe. Nilijitupa mbele ya mdogo wangu. Akatupita. Pigo la kwanza likaupasua ukingo, la pili likaing'oa nguzo, kamba na kapi vikatumbukia shimoni. Jirani mmoja akaingia na ndoo yake kichwani kama kila siku, hajui hili wala lile. Baba akampokonya ile ndoo akaipiga teke mpaka barabarani.

"Rudi kwako! Hapa hapana maji!"

Mtu ambaye hajawahi kumnyima yeyote. Vipande vya saruji vilimrukia usoni, damu ikamshuka shavuni, na yeye anazidi kupiga. Nilimshika mkono kwa nyuma.

"Baba, basi. Tukiogea si bado ni sadaka?"

Akageuka, nyundo iko juu. Nilifumba macho nikisubiri. Nilipoyafumbua alikuwa analia kwa sauti, mbele ya jirani, mbele yetu sote.

"Niliwaambia nini? Kila anayekunywa, inamfikia mama yenu."

"Ndiyo, baba."

Akamnyooshea mtoto ile nyundo. "Na huyu alipokunywa, kilimfikia nini mama yenu?"

 Niliuchukua mchi kwenye kinu, nikazunguka upande wa pili wa kisima, nikaanza kuyasukumia shimoni mawe ya ukingo uliovunjika.