Daftari la Rangi za Mama

Sisi tuliokuwa watoto vijijini Iringa katika miaka ya sabini tulipima sukari kwa moto. Mama yangu alikuwa na kisukari, na hospitali ilimpa neli ya kioo, taa ndogo ya spiriti na chupa ya dawa ya buluu. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mianzi, mimi, binti yake wa kwanza, nilidondosha matone manane ya mkojo wake katika dawa ile, nikachemsha. Ikibaki buluu, salama. Ikigeuka kijani, tahadhari. Ikiwa rangi ya tofali, hatari. Harufu yake ilichanganyika na ya viazi vilivyofukiwa majivuni, wala hatukuona kinyaa. Mama alinihesabia matone kwa Kinyakyusa, akicheka nilipokosea. Rangi niliiandika daftarini, na kila mwezi daktari alilisoma ili akadirie kiasi cha dawa ya sindano. Hakuwa na njia nyingine ya kujua hali ya Mama akiwa nyumbani.

Masika yalileta ulanzi, utomvu wa mwanzi, ambao ukiwa mbichi ni mtamu kama asali. Mama alikuwa ameolewa kutoka Tukuyu, na kwetu mkamwana hakatai kibuyu anachopewa na ukoo wa mume. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alikileta kila jioni.

"Daktari amenikataza sukari, wifi," Mama alisema.

"Sukari ni ile ya dukani! Huu umetoka kwenye mwanzi. Au ninyi Wanyakyusa mnadhani Wahehe tunaroga?"

Ndugu wa Baba waliokuwapo wakacheka. Mama akanywa.

Kesho yake neli ikawa na rangi ya tofali. Baba, mwalimu aliyetuchapa kwa kukosea hesabu, aliitazama, akaniambia, "Andika buluu. Dada yangu asije akasemwa." Nikaandika buluu masika yote, kwa mwandiko safi. Daktari alilisifu daftari lile, hakuongeza dawa. Hata kidonda kilichomtoka Mama unyayoni hakikumtia daktari shaka. Nina hasira hadi leo: na Baba, na kibuyu kile, na mkono wangu uliotii.

Sasa binti wa mdogo wangu, aliyeolewa Uyole, ana kisukari pia. Amebandikwa kipimo mkononi. Simu humwonyesha sukari yake saa zote, na daktari wake huiona akiwa kliniki. Hachemshi kitu, hahesabu tone. Ni wa kizazi kinachopiga picha chapati kabla ya kuila. Lakini juzi nilipomtembelea, mbele ya mama mkwe wake, simu ilipolia kumwonya, aliizima, akamalizia soda aliyopewa na mkwe huyo.

"Inalia kama mbuzi, mama mkubwa! Ningemwaibisha mkwe," alininong'oneza.

Chombo kile hakijui kuandika buluu kwa amri ya mtu. Kama ningeweza kurudi masika yale, ningempelekea Mama chombo hicho kwa miguu hadi Iringa. Enzi zetu tulikosa vyombo, heshima tukawa nayo ya kuzidi. Hawa wamepata vyombo, na heshima ileile wameirithi bila kuipunguza.

Nikamwambia yaliyofuata, ambayo nyumbani hayakuwahi kutajwa mezani: ulanzi ulipokwisha, Mama alikatwa mguu wa kulia, chini ya goti.