Chujio Analoweza Kulifua Mama Mkwe

Jumamosi, saa nane mchana. Pikapu ya Wachuka Mutahi imeegeshwa uani kwake karibu na Wamagana, boneti ikiwa wazi. Mitungi ya maziwa imekwisha kuoshwa na kuinamishwa juani. Wachuka anafungua kopo la chujio la hewa, anatoa kitu cha mviringo chenye rangi ya matope, kisha anamkabidhi mama mkwe wake kwa mikono miwili.

Murugi, ajuza wa miaka sabini na mitatu, tayari amekunja mikono ya sweta. Analitumbukiza chujio katika beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni, analisukasuka, kisha analimiminia maji safi kutoka ndani kwenda nje. Maji yanageuka mekundu.

"Hii vumbi yote ingeingia kwa tumbo ya gari," anasema, akionekana kuridhika sana na nafsi yake. "Mimi sipendi kutupa. Kitu ikichafuka inafuliwa."

Wachuka anatabasamu. Murugi anapokwenda nyuma ya nyumba kuteka maji mengine, ndipo mkaza mwana wake anamsogelea mwandishi na kushusha sauti.

"Hayo maneno yake ndiyo yaliua injini ya kwanza. Lakini yeye hajui, na sitaki ajue."

Wachuka ana miaka thelathini na tisa. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, hukusanya maziwa ya wakulima wa kijiji chake na kuyapeleka kwenye hoteli za mjini Nyeri. Akishaondoa petroli hubaki na kama shilingi mia tatu kwa siku. Udereva alifundishwa na babake, aliyekuwa akiendesha lori la majani chai huko Othaya. Mumewe, Mutahi, ni mpishi katika shule ya bweni upande wa Kangari na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Pikapu yenyewe ilitokana na ng'ombe wawili wa Murugi.

"Hakuombwa," anasema Wachuka. "Alisikia tukipanga na Mutahi, tukisema pesa haitoshi. Asubuhi akafungua boma, akasema, 'Chukueni hawa wawili, mimi nitabaki na huyu mmoja, Wanjeru.' Sasa mtu kama huyo utamfokea juu ya nini?"

Watani husema mwanamke wa Nyeri hana subira. Waliobuni utani huo hawajafika kwa Wachuka.

Mwanzoni mwa mwaka 1996, kiangazi kilikuwa kikali na barabara ilikuwa vumbi tupu. Wachuka alikuwa akitumia chujio la karatasi, lile ambalo likijaa hutupwa na kununuliwa jingine. Siku moja alilitoa, akaliweka juu ya ukuta akisubiri kulipuliza kwa upepo wa pampu. Murugi akalipita, akaliona chafu. Akalifua kwa sabuni ya unga, akalining'iniza jikoni juu ya moto, pale kwenye dari la kukaushia kuni na mbegu. Jioni lilikuwa limekauka na limerudishwa mahali pake, na Wachuka akalivisha gari asijue lolote.

Karatasi ikishalowa haina nguvu tena. Mikunjo ililegea, gundi ikaachia, na mchanga ukapata njia. Kabla ya mvua za Aprili, pikapu ilikuwa ikitoa moshi wa buluu na kunywa oili kuliko petroli. Kisha ikakataa kabisa kupanda mlima ikiwa na mzigo.

Fundi Kathurima, Mmeru mwenye gereji mjini Nyeri, anaikumbuka siku hiyo na bado inamchekesha.

"Nilifungua kopo nikasikia harufu ya sabuni," anasema. "Hiyo chujio ilikuwa safi kuliko shati yangu! Nikamuuliza, 'Mama, nani alifua hii kitu?' Mara machozi ikaanza kutoka, nikajua nimeuliza vibaya."

Ringi na pistoni zilikuwa zimelika. Injini ilihitaji kufanywa upya, na Wachuka hakuwa na uwezo huo. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Wakulima waliokuwa wakimwaga maziwa kwa kukosa gari waliitisha mkutano, wakataka kwanza kujua injini ilikufaje.

Wachuka aliwaambia ukweli. Murugi hakuwepo, alikuwa amebaki nyumbani na wajukuu. Baada ya kueleza, Wachuka aliwaomba jambo moja: wachange wasichange, Maitu, yaani 'mama', anavyomwita Murugi, asijue kamwe kwamba ni mikono yake. Yeye aambiwe gari lilizeeka.

"Kuchanga ilikuwa rahisi," anasema Theuri, mwenyekiti wa wakulima hao, huku akikuna kidevu. "Kunyamaza ndio ilikuwa kazi. Wewe unajua sisi watu wa hapa."

Injini ikapona. Ikabaki swali la chujio, na hapo ndipo Wachuka alipokosa usingizi. Injini hii haikuwa yake peke yake, na watu hawachangi mara mbili kwa kosa lile lile. Angeweza kununua la karatasi na kumkataza mama mkwe asiliguse. Lakini angemkataza vipi bila kumwambia sababu?

"Nikaamua nitafute ile inafuliwa," anasema. "Kama lazima afue, basi afue kitu ya kufuliwa."

Alikwenda dukani Nyeri pamoja na Kathurima. Muuzaji aliweka aina mbili juu ya kaunta. La kwanza lilikuwa la sponji iliyoloweshwa oili. Lilikuwa rahisi, na muuzaji alilisifu sana. Wachuka akaliminya, akakumbuka jinsi Murugi anavyokamua mashuka hadi yanalia. Akalirudisha.

La pili lilikuwa la pamba nyepesi, tabaka juu ya tabaka, iliyobanwa kati ya nyavu mbili za waya. Hilo halikamuliki hata ukitaka. Bei yake ilikuwa ya machujio manane ya karatasi, ila lingedumu miaka. Wachuka aliliinua kwenye mwanga wa mlango kutafuta tundu, akapitisha kidole kwenye mpira wa ukingoni. Kathurima naye aliupaka mpira huo grisi, akalifungia ndani ya kopo, akafungua tena. Alama ya grisi ilikuwa imezunguka kopo lote bila kukatika. "Imekaa," akasema. "Hapa vumbi haina mahali pa kupita."

Lilibaki tatizo la moto wa jikoni, kwa kuwa joto hukausha ule mpira na kuupasua. Wachuka alimwambia mama mkwe kwamba hewa ni kama maziwa, ikikaa na moshi inanuka. Murugi, aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, alikubali mara moja. Tangu hapo chujio hukauka kivulini, kwenye msumari chini ya paa, na Jumapili jioni Wachuka hulipaka oili kidogo, si nyingi, kabla ya kulirudisha. Ni karibu miaka mitatu sasa na injini haijafunguliwa tena.

Mwandishi anamuuliza kama haya yote yanaweza kuandikwa. Wachuka anatazama upande alikokwenda Murugi.

"Gazeti hufika hapa," anasema hatimaye, "hata kama ni ya kufungia nyama. Afadhali asikie kwangu."

Murugi amerudi na ndoo na kuendelea kufua. Wachuka anachuchumaa kando ya beseni na kumweleza polepole, bila kumtazama usoni. Mikono ya ajuza inasimama ndani ya maji.

"Ile ya karatasi? Ile niliweka juu ya moto?"

"Ndiyo, Maitu."

"Na nani anajua?"

"Watu wote wa maziwa."

"Ati wote? Hata Wakiuru wa duka? Yule mdomo?"

"Hata yeye."

"Na akanyamaza?"

"Akanyamaza, Maitu."

Murugi anaketi chini, anajifunika uso kwa aproni na kucheka hadi mabega yanatikisika. Kisha kicheko kinakwisha na aproni inabaki usoni. Wachuka anamshika mkono wenye povu, huku mwenyewe akilia waziwazi. Mwandishi anajifanya kuikagua mitungi.

Wachuka anasema ana mpango wa kununua chujio la pili kama hilo kabla ya Julai, maana ukungu ukishuka nguo yenyewe haikauki. Lakini mama mkwe wake ana mpango wa karibu zaidi. Anajipangusa macho na kulinyanyua chujio kutoka kwenye maji.

"Kesho nitasimama kanisani," anasema. "Ile pesa walichanga, Mungu atawarudishia. Lakini hiyo kunyamaza, hiyo nitawashukuru mimi mwenyewe."