Jumamosi Tatu Kabiria

Zena hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nazi aliitikisa sikioni kabla ya kuinunua, kitambaa alikivuta kona mbili kuona kama kitaachia, na hata marehemu mumewe, Idarus, alimpitisha kwenye maswali ya miezi saba kabla ya kumkubali. Kwa hiyo alipoamua, akiwa na miaka arobaini na tisa, kwamba atafungua mkahawa wake mwenyewe mtaani Kabiria, pembezoni mwa Nairobi, waliomjua hawakushangaa kusikia kuwa kwanza atakwenda kuutazama mtaa. Kilichowashangaza ni kwamba anataka mkahawa.

Miaka ishirini na miwili alikuwa akipika katika hoteli ya shemeji yake Musab, katikati ya jiji, kati ya msikiti na maduka ya vitambaa. Nasema hoteli kwa heshima tu. Ilikuwa meza tisa, birika kubwa la chai na jiko lisilo na dirisha ila kitundu cha kupitishia sahani. Makarani na walimu wa madrasa walikuja tangu alfajiri kufungua kinywa kwa mahamri na mbaazi za nazi, na wakishiba walimgeukia Musab. "Musab, leo umetuweza!" Naye Musab alizipokea sifa zile mkono kifuani, kana kwamba ameamka saa tisa kukanda unga. Zena alisikia yote kupitia kitundu. Miaka ya kwanza alicheka. Baadaye aliacha kucheka, na mwaka huu ilikuwa inamuuma hasa, mpaka akawa analala na maumivu hayo na kuamka nayo.

Alipomwambia Musab nia yake, Musab alimmiminia chai kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea.

"Nenda ukatazame, shemeji. Jumamosi zako ni zako," alisema. "Lakini jikoni hakukai patupu. Siku utakayokosa kuja kazini, nitajua umeshaondoka, na mahali pako nitampa mwingine. Nakwambia mapema tusije tukalaumiana."

Zena alielewa. Akikosea kuchagua mahali, hana pa kurudi. Umri wake si wa kuanza kuosha vyombo kwa watu.

Huko kutazama mtaa alikujifunza Malindi, alikozaliwa. Akiwa msichana alimwona Mzungu mmoja aliyekaa kwenye kiti mbele ya duka la baba yake mwezi mzima, asubuhi hadi jioni, hanunui chochote isipokuwa soda. Watu walisema jua limempanda kichwani. Mwezi ulipokwisha alifungua duka la aiskrimu mahali ambapo hakuna aliyepadhania, na watoto wakapiga foleni. "Yule hakuwa mwendawazimu," mama yake Zena alikiri, "alikuwa akituhesabu." Neno lile lilimkaa Zena.

Basi Jumamosi ya kwanza alishuka Kabiria na chupa yake ya chai, akaketi ngazini pa kibanda cha mabati kilichokuwa kikikodishwa. Mwenye kibanda, kijana mmoja mwenye maneno mengi aitwaye Mwangangi, alimfungulia akaone ndani.

"Mathe, hapa ni pa maana. Hii barabara haikosangi watu."

"Nitaona mwenyewe, mwanangu," Zena akajibu, akatoa tasbihi yake mkobani.

Mungu amsamehe, maana tasbihi si ya kazi hiyo. Lakini alikuwa na punje tisini na tisa na hakuwa na kalamu. Kila aliyepita alimsukumia punje moja. Kufikia saa nne alikuwa ameizungusha tasbihi mara tatu, na bado watu wakaja! Na watu wenyewe: wanaume wa suti, wanawake wa magauni yaliyopigwa pasi, watoto wa soksi nyeupe, wote wanamsalimu kwa adabu. Wengine walibeba vikapu na hotpoti za chakula. Zena alifurahi moyoni. Huu ni mtaa wa watu wa kazi safi, alijiambia, wala si wale wa kukopa chai. Jumamosi ya pili ikawa vivyo hivyo, tena zaidi.

Mwangangi naye akaanza kumsukuma. Kuna mtu wa bucha anakitaka kibanda, alisema. Mwisho Jumatatu saa sita mchana, nipe jibu.

Jumamosi ya tatu Zena hakuja mikono mitupu. Alikaanga mahamri sinia zima, akapika sufuria ya mbaazi mpaka nazi ikatoa mafuta juu, akapanga kila kitu kwenye kimeza mbele ya kibanda. Watu wakaanza kumiminika kama kawaida.

"Karibuni mahamri! Ya moto!"

"Asante, mama. Mungu akubariki," walisema, wakapita.

Wote. Mmoja baada ya mwingine, kwa tabasamu, wakapita. Watoto waligeuza shingo kwa harufu ya iliki, mama zao wakawavuta mkono. Saa moja ikaenda, halafu ya pili. Hakuuza hata moja. Zena alionja mbaazi, labda ameweka chumvi mara mbili. Hapana, zilikuwa tamu. Akaangalia buibui lake, akajiuliza kama wanaogopa chakula cha Mwislamu. Miaka ishirini na miwili kumbe hakuwa anauza yeye. Pengine kweli ni Musab aliyekuwa akiuza.

Mwanamke mmoja mnene, aliyekuwa amechelewa na anapita karibu mbio, alisimama akamtazama, kisha akarudi. Jina lake Lornah, mshonaji wa sare za shule, mzaliwa wa upande wa Migori.

"Mum, hautauza," alisema.

"Kwani chakula changu kina nini?"

"Si chakula. Leo ni Sabato. Sisi wote tunaenda hapo kanisani, na siku ya Sabato hatununuangi kitu, hata kiberiti. Pesa yenye tumebeba ni ya sadaka."

Zena akaketi. Yeye alijua Jumapili ni ya kanisa, nani Nairobi asiyejua? Lakini maisha yake yote ya jijini alikuwa ameishi baina ya jiko na msikiti, na huko siku ya ibada ndiyo siku ya mauzo: Ijumaa watu wakitoka kuswali wanavamia meza. Alikuwa amekaa Jumamosi tatu akiwahesabu kwa tasbihi watu pekee katika Kabiria nzima ambao siku hiyo hawanunui. Alitaka kulia, kikamtoka kicheko, akacheka mpaka akashika ubavu, na Lornah akacheka naye bila kujua sababu.

"Haya," Zena akasema akijifuta macho, "kununua ni haramu. Na kupewa je?"

Lornah alifikiri. "Kupewa si kununua."

Mchana, ibada ilipotua, sinia na sufuria vilikuwa kwenye meza ndefu ya hema la kanisa, katikati ya hotpoti za wengine. Zena aliuliza kwa wasiwasi kuna nyama gani pale, akaambiwa nguruwe hawali kabisa. Akauliza habari ya pombe. Hiyo pia hawagusi.

"Basi nyinyi ni sisi," alisema. "Mwatufuata nyuma kwa siku moja tu."

Meza nzima ilicheka. Mzee mmoja aitwaye Obuya, msimamizi wa mjengo, alipangusa bakuli la mbaazi kwa kipande cha mwisho cha hamri, akauliza vitu hivi vinapatikana wapi katikati ya wiki. Vijana wake wanaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda kujenga Lavington, na wengi wanaanza kubeba mawe tumbo tupu.

Neno zuri hilo, lakini lilikuwa la kusikia, na Zena hakuamini la kusikia. Ilibidi aone siku ya kazi kwa macho yake. Na siku ya kazi iliyobaki kabla ya kumjibu Mwangangi ilikuwa moja, Jumatatu, alfajiri, saa ambayo Musab angekuwa anamngoja jikoni. Alilipima jambo lile usiku kucha. Jumapili mchana alibeba unga, mbaazi, nazi na karai, akaenda kulala kwa Lornah. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lornah hakungoja hata siku ya pili, alimpa kisu na fungu la sukuma wiki akatekate.

Jumatatu saa kumi na moja Zena alikuwa ngazini pa kibanda, beseni la mahamri kando yake, maana huyu aliyeapa kwamba anakuja kutazama tu alikuwa amekaanga beseni zima. Tasbihi ilikuwa mkononi. Alipita mbwa. Alipita mlinzi akirudi kulala. Kufikia saa kumi na moja na nusu alikuwa amesukuma punje nne. Barabara ile ilikwenda kanisani, na Jumatatu hakuna mtu aendaye kanisani. Aliona meza tisa za Musab, aliona kitundu cha sahani, akaona mtu mwingine amesimama mahali pake.

Hapo ndipo aliposikia sauti za watu wengi wakiongea na kukohoa, miguu ya gambuti, na zote zilitoka nyuma yake. Aliinuka akazunguka kibanda. Nyuma ya mabati kulikuwa na njia ya mkato ya kuelekea Kawangware, na njia imejaa: watu wa mjengo na kofia zao, mama wa kufua, walinzi, wasichana wa kazi za nyumbani. Hakuhesabu. Alirudi mbio akachukua beseni.

"Sasa mathe, hii ni ngapi?" kijana wa kwanza akauliza, na kabla hajajibiwa alikuwa ameuma.

Obuya alifika na watu wake kumi na mmoja, akapaza sauti kwamba mum amekuja. Lornah alitoka kwake na sufuria ya mbaazi, akawa anapakua huku akigombeza wanaosukumana. Wakati mmoja mlinzi alimshika Zena mkono akamwambia, "Mama, hii umeipika vizuri," akaenda zake. Zena alisimama na hamri hewani. Hakuwahi kuambiwa hivyo usoni na mtu anayekula.

Saa moja beseni lilikuwa tupu, na Mwangangi akaja kutaka jibu lake mapema.

"Nakichukua. Lakini mlango uutoboe huku nyuma, na ule wa mbele uuzibe."

"Mathe, si barabara iko mbele?"

"Barabara iko mbele. Watu wako nyuma."

Mwangangi alikuwa bado anakuna kichwa simu ya Zena ilipolia. Alikuwa Musab. Nyuma ya sauti yake Zena alisikia viti vikiburutwa na mtu akiulizia chai.

"Shemeji, uko wapi? Watu wamekaa mezani, jiko halijawashwa."

Zena alingoja hofu imjie, ile ya kutokuwa na pa kurudi. Haikuja. Alichosikia moyoni kilikuwa huruma kidogo kwa Musab, na furaha kubwa.

"Tafuta mpishi, shemeji," alimwambia kwa upole. "Mimi nimefungua."