Rafadha Aliyoichagua kwa Vidole

Mume wangu alipopoteza macho, kazi ya boti haikusimama, ila iligeuka kutoka uvuvi ikawa uchukuzi. Watu wa kisiwa cha Funzi walitaka kuvushwa na mizigo yao: unga, saruji, magodoro, mitungi ya gesi. Daktari alikuwa ametueleza kwamba ni presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha kwenda hairudi. Dereva tuliyemwajiri akatuaga, akaenda Diani kuwatembeza watalii. Ndipo nikajifunza kuiendesha mimi. Mwanzoni pale Bodo, boti zinakopakiliwa, wanaume walikuwa wakinitazama na kuguna. Baadaye waliacha, maana mizigo yao ilikuwa ikifika.

Siku moja nilikata kona nikapiga jiwe. Mashine ililia, kisha boti ikawa inatetemeka mwili mzima. Nilipoinua mkia wa mashine niliona rafadha, ile feni inayosukuma maji, imeharibika: panga moja limekatika, la pili limepinda kama sikio la mbuzi. Nilirudi nyumbani Munje nikamweleza mume wangu.

"Kesho twende Ukunda," alisema. "Rafadha nitaichagua mwenyewe."

Tulikwenda. Nilimwongoza mpaka dukani, mkono wake begani mwangu, kama tulivyozoea kutembea tangu giza limwingie. Muuzaji alikuwa mtu wa bara, mchangamfu. Alimwamkia shikamoo, akaweka rafadha mbili juu ya meza.

"Mzee, hizi zote mbili zinaingia kwa mashine yako," alisema. "Hii iko na mkunjo mkubwa, ni ya mbio. Hii nyingine mkunjo wake ni mdogo, ni ya kusukuma mzigo. Ni kama gia za baiskeli tu. Ukibeba mzigo na gia nzito, utasimama kwa mlima."

"Baiskeli naijua, mwanangu," mume wangu alisema, akacheka. Akazishika rafadha moja baada ya nyingine. Vidole vyake vilipita ukingoni mwa kila panga, vikaingia kwenye mkunjo, vikazunguka kitovuni. Uso wake ulikunjuka. Sikuwa nimeuona umekunjuka hivyo kwa muda mrefu.

"Hii," alisema. Alikuwa ameshika ile ya mbio. "Hii ndiyo tuliyokuwa tukitumia siku zote."

Ilikuwa kweli kwa siku za macho yake; ile iliyovunjika ilikuwa ya mzigo, dereva ndiye aliyeifunga. Lakini siku hizo zote alikuwa akitoka yeye na mwenzake mmoja kwenda kuzamia kamba na pweza, boti nyepesi inaruka juu ya maji. Boti aliyoiona kwa vidole vyake pale dukani ilikuwa ile. Hii ya saruji na magodoro hakuwahi kuiona.

Muuzaji alinigeukia mimi. "Kwani mama, boti yenu inabebanga nini siku hizi?"

Nilifungua kinywa. Mkono wake, uliokuwa umerudi begani mwangu, ukanibana.

"Unazungumza na nani?" mume wangu alimwuliza, kwa upole ule ule. "Mwenye boti ni mimi."

Duka lilikuwa na wateja wengine, na wote waligeuka kututazama. Niliona kwamba nikisema neno moja tu, nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu.

"Yeye ndiye anayejua," nikasema.

Siku ya kuijaribu alitaka kuja. Alikaa mbele, uso ameuelekeza upeponi, nami nyuma kwenye usukani. Katikati tulikuwa tumepanga saruji ya mtu aliyekuwa akijenga, na magunia ya unga. Abiria hatukuwa nao, nami nashukuru. Maji yalikuwa yameanza kutoka. Nilipoongeza moto mashine ilinguruma kwa sauti nzito ya chini, kama mtu anayejaribu kunyanyua kitu kilichomshinda. Pua ya boti ikainuka, mkia ukazama, na tukabaki hapo hapo, tukisukumana na mkondo. Nilitazama mikoko ya ng'ambo. Haikuwa ikisogea.

"Ongeza," alisema bila kugeuka.

"Nimeongeza yote."

Harufu ya moshi ilinifikia. Niliogopa mashine itaungua, nikapunguza, nikaipeleka boti pembeni ambako mkondo hauna nguvu. Huko maji yalikuwa machache kuliko nilivyodhani. Tuligusa tope, tukakwama. Nilisukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, boti isitoke. Maji yaliendelea kututoka, na baada ya muda boti ilikuwa imekaa juu ya tope jeusi, sisi ndani yake, mikoko pande zote. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja maji yarudi.

Jua lilipanda. Nilifunika saruji kwa turubai, nikajifunika kichwa kwa kanga. Kisha mume wangu akasema anataka kwenda haja.

"Nisubiri nikushike," nilimwambia.

"Nimekuwa mtoto?"

Alishuka mwenyewe. Hatua ya pili akazama mpaka magotini. Alijaribu kuutoa mguu mmoja, mwingine ukazidi kuingia, na nikaona uso wake ukipoteza rangi. Alinyoosha mikono mbele, akishika hewa.

"Uko wapi?" aliita. "Uko wapi wewe?"

Nilishuka nikitambaa juu ya ubao wa kukalia niliokuwa nimeung'oa, nikamshika kwapani, nikamvuta. Tope halikutaka kumwachia. Tulipopanda tena botini tulikuwa tumepakaa mpaka nywele, tunahema.

Hapo ndipo aliposema. "Ulijua pale dukani."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ulinibana bega."

Alibandua tope vidoleni. "Nimefungwa ndani ya gunia, mke wangu," alisema. "Kila siku nazinduka nikidhani leo litafunguliwa."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nimo humo humo, kwamba nilikuwa na cherehani yangu na wateja wangu, na sasa nanuka petroli hata kitandani. Sikumwambia. Mtu aliyetoka kuvutwa topeni humwongezei mzigo.

Maji yaliporudi yalituinua taratibu. Mkondo ulipotulia nikageuza boti, tukarudi polepole mpaka Bodo, moto wa mashine ukiwa chini kabisa. Asubuhi yake nilimwuliza kama tutakwenda wote Ukunda.

"Nenda wewe," alisema. "Wewe ndiye unayeibeba."

Muuzaji alinibadilishia bila maneno mengi. Aliuliza tu mzee yuko wapi, nikasema amepumzika. Ile ya mkunjo mdogo nilipoifunga, mashine ilipaza sauti nyembamba, ya juu, na boti iliyojaa ikasogea kama imesukumwa kwa bega. Haikuwa na mbio, ila ilifika.

Jioni aliniuliza, "Inakimbia?"

"Haikimbii. Inasukuma."

"Basi," alisema.

Tangu hapo boti haijanisumbua, na hilo ndilo lililonimaliza. Boti ilipokuwa mbovu nilikuwa na sababu ya kukaa nyumbani, hata kufikiri kwamba labda tutaiuza. Sasa watu wa Funzi wananipigia simu kabla sijafungua macho, na siku ya kupumzika sina. Mume wangu amewahi kuomba mara moja tu kufuatana nami tena. Nilimwambia mzigo umejaa. Ulikuwa umejaa kweli. Aliitikia, "Haya, Mungu akutangulie," akarudi ndani akipapasa ukuta. Nilisimama pale uani kidogo, nikimsikia akiitafuta redio. Kisha simu ikalia, nami nikaenda.